UKURASA WA MWALIMU: Mbuzi watatu na kampuni za simu za Kampala

 

Mwezi uliopita mama mmoja alitusubiri nje ya darasa la jioni. Kijana wake amemaliza sekondari, na sasa anataka mama auze mbuzi wote watatu, anunue laptopu, aende Kampala kufungua kampuni ya mambo ya simu "kama wale wa SafeBoda". Mama akatuuliza: "Mwalimu, hiyo kampuni inauza kitu gani? Niuze mbuzi ninunue hewa?" Tulicheka, lakini usiku hatukulala vizuri. Kompyuta tulimfundisha sisi, na hizo habari za Kampala alizitoa kwetu.

Basi tumjibu mama, na wengine wenye vijana wa namna hiyo wasikie.

Boda mnazijua. Jina lenyewe lilitoka mpakani Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kati ya Uganda na Kenya. Kampala zilijaa zamani kabla ya kampuni yoyote ya simu, na shida zake zilijulikana na kila mtu: kubishana bei, abiria hana helmeti, na ukipanda usiku hujui umebebwa na nani. Mwaka 2014 watu watatu wakaanzisha SafeBoda. Wawili walitoka nje, Alastair Sussock na Maxime Dieudonné. Wa tatu ni Ricky Rapa Thomson, na huyu alikuwa ameendesha boda mwenyewe pale pale Kampala. Hapo ndipo tunataka kijana asome mara mbili. Dereva alifundishwa usalama barabarani, akavaa kizibao cha rangi ya machungwa chenye namba yake, akabeba helmeti ya pili kwa ajili ya abiria. Programu ya simu ilikaa juu ya hayo yote. Mteja anaonyesha alipo na anakokwenda, anaona bei kabla hajapanda, dereva wa karibu anakuja. Dereva analipwa, kampuni inakata sehemu yake kidogo. Kwa hiyo mama, kitu wanachouza ni uhakika wa kufika, na bei isiyobadilika njiani.

Wako wengine, Tugende, walioanza 2012. Wao waliona kwamba madereva wengi wanaendesha boda ya tajiri, wanampelekea pesa kila siku, miaka inapita na hawana hata tairi lao. Tugende ikawapa pikipiki ya kulipia polepole mpaka inakuwa ya dereva. Kampuni za namna hii zilisaidiwa sana na pesa za simu, ambazo MTN ilizianza Uganda mwaka 2009. Kabla ya hapo ungekusanyaje malipo madogo madogo ya watu maelfu? Ungehitaji karani kila kona!

Lakini jamani, tusiwaonyeshe upande mmoja tu. SafeBoda iliingia Nairobi 2018, na 2020 ikafunga kazi huko. Mwaka huo huo wa korona serikali ya Uganda ilikataza boda kubeba abiria kwa miezi kadhaa, na kampuni ikageuka kupelekea watu vyakula majumbani. Mwaka 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp na Facebook. Iliondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Hizo ni dhoruba zilizopiga wenye matajiri nyuma yao. Mbuzi watatu zingewapigaje?

Halafu kuna jambo letu sisi wakimbizi, ambalo magazeti ya mjini hayaliandiki sana. Ni laini ya simu. Bila laini ya jina lako huna pesa za simu zako, na bila hizo huwezi hata kulipwa. Miaka ya nyuma karatasi ya familia peke yake haikukubaliwa kusajili laini. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano, UCC, iliruhusu mkimbizi asajili kwa kitambulisho cha ukimbizi au kwa ile karatasi ya OPM. Mmoja wetu hapa shuleni kabla ya hapo alitumia laini ya rafiki. Rafiki akahama, laini ikafungwa, na akiba ya mwaka mzima ya kushona nguo ikabaki humo ndani. Alikuwa anakumbuka namba ya siri, lakini jina halikuwa lake.

Sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na kijana hakatazwi kwenda mjini. Lakini ajue kwamba mgao wa chakula haumfuati Kampala. Kule ni kodi ya chumba, maji ya kununua, na nauli kila asubuhi. Ofisi asiiwazie kwanza. Tangu Hive Colab ifunguliwe 2010 na Outbox 2012, vijana wa Kampala wamezoea kukaa kwenye ukumbi mmoja na kompyuta zao, wanagawana intaneti na mawazo.

Tulimwita kijana, tukakaa watatu na mama yake. Tukamuuliza: wewe shida gani unaijua kama Ricky alivyojua boda? Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema mahindi. Wakulima wa hapa wanapeleka gunia sokoni bila kujua bei ya siku, wakifika wanauza kwa hasara kwa sababu hawana nauli ya kurudi nalo. Mama yake ni mmoja wao. Mama alimtazama kama amemwona leo.

Ameuza mbuzi mmoja, yule dume. Kijana amenunua simu, laptopu bado. Anampigia mtu wa sokoni kila siku ya soko alfajiri, anaandika bei kwenye daftari, na wakulima kumi na moja wanampa kitu kidogo. Hatujui kama itakuwa kampuni. Kampala atakwenda mwezi wa nane, kwa wiki mbili, kuangalia.

Wenye karatasi za familia ambazo majina yana makosa, mje nazo Jumamosi baada ya ibada, tuwaandikie barua ya kupeleka OPM kabla hamjaenda kusajili laini. Peni tunazo, karatasi mje nazo.