Sinema za Kale za Kiswahili Nazo Zifufuliwe

Hatuna ugomvi na Wamarekani kwa kuzitunza sinema zao za kale. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba, katika filamu ndefu zipatazo 11,000 za enzi ya sinema bubu, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la asili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi wenzetu huzisafisha zilizobaki, wakazitia katika DVD, zikatazamwa majumbani.

Nasi wa Gisenyi jambo hili latuhusu. Filamu ya King Solomon's Mines, iliyotolewa na MGM mwaka 1950, ilipigwa kwa sehemu katika Rwanda, na wachezaji ngoma wa Kinyarwanda wamo ndani yake. Hata leo yapatikana kwa DVD. Sura za wazee wetu zimesalimika kwa kuwa ni mali ya kampuni yenye uwezo. Je, sauti ya Kiswahili imetunzwa na nani?

Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu zipatazo 35. Waafrika waliigiza, na maneno yao, ya Kiswahili na ya lugha nyinginezo, yalitiwa katika santuri zilizopigwa sambamba na picha. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, nazo zimo katika hazina ya BFI, Uingereza. Miaka ya 1950 ikaja Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu. Ni walimu wangapi miongoni mwetu waliopata kuzionyesha darasani?

Wako wasemao kwamba filamu za Vugiri zilikuwa chombo cha mkoloni, na ziozee mbali. Twakataa. Kwamba zilitukabili kwa dharau ni kweli. Lakini anayeuacha ushahidi wa dharau upotee humsaidia aliyedharau. Tena kitabu cha sarufi hakina sauti. Salamu, lafudhi na mizaha ya watu wa zama zile mwanafunzi atazisikia wapi, iwapo santuri na kanda zitaachwa zinyamaze?

Wengine hutaja gharama. Mwaka 2017 Film Foundation, FEPACI na UNESCO zilianzisha mpango wa kuokoa filamu 50 za Kiafrika. Mlango upo, usipobishwa hodi haufunguliwi. Wanaopaswa kubisha ni wenye lugha.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, nasi hapa mpakani na Goma twakisikia kutwa. Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iorodheshe filamu zote za kale za Kiswahili, na mahali zilipo. Kisha wazishikao wazisafishe na kutoa nakala kwa bei ambayo shule ya kawaida yaweza kuimudu. Vyama vya walimu wa Rwanda, Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda viandike barua moja kwa pamoja. Filamu huoza hata kabatini, wala haimsubiri anayesitasita.