Kitabu cha Picha ni cha Mazungumzo

Mwezi huu tuzungumze habari za kitabu cha picha na mtoto ambaye bado hajaanza shule.

Wengi wetu huku Masasi na Newala tukisikia neno kitabu, mawazo yanakwenda kwa mwalimu, ubao na mtihani. Mtoto wa miaka mitatu tunaona hana shughuli na kitabu, atakichana tu. Basi kile kitabu kizuri alicholetewa na shangazi yake kutoka Dar es Salaam kinafungiwa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo, mpaka mwenyewe afike darasa la kwanza. Siku hiyo anakutana na kitabu kwa mara ya kwanza, tena kwa Kiswahili cha shule, na huenda nyumbani amezoea Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Akinyamaza darasani, anaambiwa ni mzito wa kuelewa. Mtoto huyo si mzito. Ni mgeni tu, na ugeni huo twaweza kumpunguzia sisi wenyewe kabla hajavaa sare.

Kipo kikwazo kingine ambacho akina mama hukisema kwa sauti ya chini: "Mimi mwenyewe kusoma kunanipa shida. Nitamsomeaje mtoto?" Mama mpendwa, usione haya. Kitabu cha picha ni cha kuzungumza kwanza, ndipo cha kusoma. Anayejua herufi na asiyezijua wote wanaweza kukaa na mtoto na kutazama picha.

Tena sisi si wageni wa kazi hiyo. Tazama kinyago cha Kimakonde kile kiitwacho ujamaa, ambacho watu wamepandana na kushikana kutoka chini mpaka juu. Hakina herufi hata moja, lakini babu akikizungusha mkononi ataeleza nani amembeba nani, na kwa nini. Huko ndiko kusoma picha. Mtoto naye aanze hapo.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko New York, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na watoto wa miaka miwili hivi. Kundi la kwanza la wazazi liliendelea kuwasomea watoto kama kawaida. Kundi la pili lilifundishwa kuuliza zaidi, kungoja jibu, kuliongezea maneno jibu hilo na kumsifu mtoto. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la pili walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika kusema. Maisha ya wazazi wale si kama yetu, lakini angalieni: makundi yote mawili yalikuwa na vitabu. Kilicholeta tofauti ni mtoto kupewa nafasi ya kusema.

Je, tufanyeje? Mpakate mtoto au mkae ubavu kwa ubavu mkekani, nyote mwone picha. Mwache yeye afunue kurasa, hata akianzia mwisho. Mwulize, "Unaona nini hapa?" Kisha ngoja. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, maana tunajibu wenyewe upesi. Hesabu moyoni polepole mpaka tano.

Akisema, "Mbuzi," usiishie kusema, "Ndiyo." Ongeza kidogo: "Ndiyo, mbuzi mweusi. Anakula majani ya muhogo." Kisha uliza tena: "Mwenye shamba akija, atasemaje?" Mtoto atacheka, atafikiri, na atakujibu kwa maneno ambayo hukujua anayo. Kesho yake mkirudia kitabu kilekile, usichoke. Mtoto hupenda kurudia, na kila mara huona jipya.

Kama lugha ya nyumbani ni Kimakonde, zungumzeni Kimakonde. Mtoto akishakielewa kisa kwa lugha ya mama yake, mpe na maneno ya Kiswahili moja moja: ndoo, kisima, mkorosho. Hatachanganyikiwa. Anaongeza tu akiba yake.

Umri nao tuuangalie. Mtoto mchanga atakitia kitabu mdomoni. Ndivyo watoto wachanga wanavyojifunza kila kitu, basi mpe kile kigumu au cha kitambaa. Wa mwaka mmoja na nusu atanyoosha kidole, nawe utaje jina la kitu. Wa miaka mitatu atauliza "kwa nini" mpaka uchoke. Wa miaka mitano mwambie akusimulie wewe, au amsimulie mdogo wake. Lakini jambo hili lisigeuzwe mtihani. Akikosea asichekwe wala asipigwe, na akichoka, mfunge kitabu. Dakika kumi zatosha.

Twajua mtasema, dakika hizo zitoke wapi? Kuna kupalilia, kuokota korosho, kungoja zamu ya maji. Lakini mikono ikiwa inamenya muhogo, mdomo hauna kazi. Mtoto ashike kitabu mbele yako, akuonyeshe, nawe uulize. Baba naye asiachwe nje, wala bibi, ambaye hadithi zake ni nyingi kuliko za vitabu vyote. Na watoto wa kike wasiitwe kuosha vyombo wakati kaka zao wanatazama picha. Wote wakae.

Kuhusu kupata vitabu, tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umewasaidia waandishi na wachapaji wa humu nchini kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Mwenye simu ya intaneti ataona hadithi zenye picha bila malipo kwa African Storybook, na Kiswahili kimo. Wanawake kumi wa jumuiya moja wakinunua kila mmoja kitabu kimoja na kubadilishana, kila nyumba ina vitabu kumi.

Na asiye na fedha atengeneze mwenyewe. Chukua picha za kalenda ya zamani, zikunje pamoja na karatasi za daftari, uzishone katikati kwa uzi. Mtoto achore mkorosho wenu na kuku wenu, bibi atoe kisa, na kaka aliyeko shuleni aandike maneno chini. Askofu Edward Steere, aliyewapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, alikuwa tayari amekusanya hadithi za Unguja kutoka vinywani mwa wasimuliaji na kuzichapa mwaka 1870. Kama hadithi za Unguja zilistahili kuwa kitabu, hadithi za bibi wa Newala zinastahili vilevile.

Kitabu kitachakaa, ni kweli. Kurasa zitapata alama za vidole na mafuta ya taa, na pengine moja itachanika. Ishoneni na muendelee. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa mtoto kimefanya kazi yake. Kilicho kipya kabatini bado hakijaanza. Basi jioni ya leo, kabla giza halijaingia, fungua kabati.