KUKU WETU WANACHAKURA NINI?

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Je, anachakura nini? Sisi hukagua gunia la chakula tu, kumbe udongo nao ni chakula cha kuku.

Kule Owino Uhuru, upande wa Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka wa 2014 kiliacha madini ya risasi ardhini. Kuku akidonoa udongo wenye risasi hukonda, hulegea na hupunguza kutaga. Hata yule anayeonekana mzima aweza kuitia sumu hiyo ndani ya yai, nalo yai analila mtoto, ubongo wake udhoofike. Kuchemsha hakusaidii, maana risasi si kijidudu hata ife kwa moto.

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 ambayo wakazi walipewa mwaka wa 2020. Vyema! Lakini pesa pekee hazisafishi udongo. Kwa maoni yangu, serikali iupime na kuuondoa udongo mchafu. Nasi wafugaji tusingoje: kuku wakae bandani, walishwe vyomboni. Shime, jamani! Kinga ni bora kuliko tiba.