Kelele Huanzia Kwenye Leseni

Tanzania haijapungukiwa sheria za kelele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitungwa 2015. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kelele katika eneo la makazi zisizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe huanza saa nne. Desibeli 35 ni kama watu wawili wanaonong'onezana chumbani. Sasa kapite nje ya grosari ya Sinza au Tabata, Dar es Salaam, saa sita usiku wa kuamkia Jumapili.

Tarakimu hizi zina hila yake. Kila desibeli zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huongezeka mara 10. Kwa hiyo muziki unaofika desibeli 85 dirishani kwa jirani haujazidi kiwango cha usiku maradufu na ushei, kama hesabu ya haraka inavyoonyesha. Umekizidi mara 100,000.

Wengi hudhani ubaya wa kelele ni kuharibu masikio. Uziwi upo, hasa kwa wachomeleaji na madijei, lakini anayelala jirani na baa huumia kwa njia nyingine. Hata mtu akiwa usingizini, ubongo huendelea kusikiliza, na kila besi inapopiga mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari: homoni za mfadhaiko hupanda, moyo huenda mbio, mishipa ya damu hukaza. Asubuhi hakumbuki kwamba aliamka, ila mwili wake umekesha. Hali hiyo ikiendelea miaka na miaka, humweka katika hatari zaidi ya shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kelele za barabara, reli na ndege huwapotezea wakazi wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka. Na wale mara nyingi hulala wamefunga madirisha. Dar es Salaam, kwa joto lile, dirisha ni nondo na wavu wa mbu.

Kwa watoto ushahidi ni wa siku nyingi zaidi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu shule moja ya New York iliyopakana na reli ya juu. Wanafunzi wa vyumba vilivyoelekea reli walikuwa nyuma ya wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo katika kusoma. Waliofika darasa la sita walikuwa wameachwa karibu mwaka mzima. Baadaye reli ikawekewa mipira ya kupunguza mtikisiko, madarasa yakapata dari za kunyonya sauti, na pengo likafutika. Hakuna aliyewahubiria madereva wa treni ustaarabu.

Sisi tunahubiri. Tumeifanya kelele kuwa suala la adabu baina ya majirani, kisha tukamwachia mzigo yule asiyelala. Aende kwa mjumbe, mjumbe ampeleke kwa mtendaji, na mara nyingine ofisi hiyohiyo ndiyo iliyogonga muhuri kwenye kibali cha sherehe. Akimlalamikia mwenye baa ataambiwa ana wivu na riziki za watu. Akiulalamikia mkesha wa maombi au spika za msikiti, ataitwa mpinga dini. (Binafsi naona adhana ya dakika chache na mkesha wa saa nane havifanani, hata kipimo kikisoma namba ileile.) Spika za machinga za “jero jero, buku buku” zinakera, lakini nyingi ni za mchana, na jua likizama huzimwa.

Serikali nazo hupenda operesheni. Mwaka 2018 Kigali ilifunga mamia ya makanisa, kelele zikiwa miongoni mwa sababu pamoja na usalama wa majengo. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe. Nairobi ilikaribia zaidi kiini cha tatizo Desemba 2022, gavana Johnson Sakaja alipotangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi. Lakini leseni zilikuwa za kaunti yenyewe. Kufika hapo, jengo limesimama, mkopo umechukuliwa na wahudumu wameajiriwa, na kila kufuli linaloning'inizwa mlangoni linakuwa kesi.

Swali la sauti lingepaswa kuulizwa kabla ya tofali la kwanza. Anayeomba leseni ya vileo katika mtaa wa makazi aonyeshe ukuta na dari vitakavyozuia sauti, na ofisa mazingira aje na kipimo wakati wa majaribio, si baada ya malalamiko. Grosari iliyoombewa leseni kama grosari isigeuke ukumbi wa dijei bila kurudi halmashauri. Kwa baa zilizokwisha kufunguliwa, muda wa mwaka mmoja kufanya marekebisho ni haki kwao na kwa wafanyakazi wao. Kanisa la turubai haliwezi kuzuia sauti kwa namna yoyote. Hilo lipewe sharti rahisi kukaguliwa hata na mjumbe: spika zote zielekee ndani, na ikifika saa nne usiku vipaza sauti vizimwe, ibada iendelee kwa sauti za waumini wenyewe.