Hii ni Picha ya Nini?

Mwonyeshe mtu mchoro usio na mnazi, jahazi wala mwanamke aliyejitwika mtungi, naye atakuuliza: "Hii ni picha ya nini?" Kabla hujajibu, hukumu imeshatoka: hata mwanangu wa nasari angeichora. Na hukumu ya pili, ndiyo inayonikera zaidi: huo ni uzungu.

Uzungu? Twende Mwakirunge, kule Kisauni, jua linapochomoza. Tangu jaa la Kibarani lifungwe mwaka 2018, taka nyingi za Mombasa huishia huku, na zikiungua moshi hutanda. Miale ikiupenya, moshi hugeuka rangi ya kutu, kisha waridi, kisha chai ya maziwa. Lori likipita, vumbi lafuta yote. Huku kwetu karibu na ikweta jua halikawii kupanda. Ukifikicha macho umekosa. Sasa niambie, mchoraji achore nini? Lori? Mifuko ya plastiki? Kilichomshtua ni ile rangi, nayo haina umbo la kuigwa. (Moshi wenyewe siusifu, unakohoza watu. Ila nuru haichagui pa kutua.)

Isitoshe, Wamijikenda walishalimaliza swali hili zamani. Kwa Wagiriama, walio miongoni mwao, mzee wa chama cha Gohu akifariki huchongewa kigango: ubao mrefu uliosimama, umejaa pembetatu zilizochongwa kwa ncha ya chombo na kutiwa rangi. Ndiye yeye mzee, wala hakuna anayedai ubao ufanane na uso wake. Wezi waliving'oa vigango vingi wakaviuza, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Wazungu walivifuata kwetu, si sisi tuliovifuata kwao. Wachongaji wa Kimakonde nao wana mtindo wanaouita mawingu, na jina latosha.

Hata wewe unayebisha, nenda ukamtazame mamako Biashara Street akichagua leso. Atakagua pindo, atakagua mji, atasoma jina, atailinganisha rangi na ngozi yake. Hamuulizi muuza duka ile mistari ni picha ya nini.

Wababaishaji wapo, sikatai. Lakini hata kwenye michoro ya majahazi ya kuuzia watalii wamejaa tele.

Basi kesho damka, panda matatu mpaka Mwakirunge kabla jua halijatoka. Simu iache mfukoni. Utazame mpaka rangi iishe, ndipo uniletee swali lako.