Nani anampima daktari wa kesho?

Ukilazwa katika hospitali ya kufundishia, asubuhi utaona kundi la vijana wenye makoti meupe wamezunguka kitanda chako. Daktari bingwa anauliza, wanafunzi wanajibu. Huenda umewahi kujiuliza: ni yupi kati yao atakuwa bingwa wa moyo au wa watoto, na nani anaamua?

Tutazame Marekani, ambako mambo yamebadilika karibuni. Huko mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho huomba nafasi ya kusomea ubingwa katika hospitali nyingi kwa pamoja. Chuo chake humwandikia barua ndefu ya tathmini, yenye matokeo ya kila wodi aliyopitia na maoni ya madaktari waliomsimamia. Mwezi Machi, kompyuta hulinganisha chaguo la waombaji na la hospitali, kisha kila mmoja anajua aendako.

Kwa miaka mingi, alama za mtihani wa kwanza wa leseni, unaopima sayansi ya msingi, zilikuwa na uzito mkubwa mno. Wanafunzi wengi walijifungia na vitabu kuzitafuta. Tangu Januari 2022, mtihani huo hutoa jibu moja tu: amefaulu au hakufaulu.

Nia ilikuwa njema, lakini uzito ulihamia kwenye mtihani wa pili, ambao bado una alama, na kwenye barua ya chuo. Tena, mtihani ambao mwanafunzi alimhoji na kumpima mtu aliyeigiza ugonjwa ulisitishwa 2020 kwa sababu ya Uviko-19, na 2021 ukafutwa kabisa. Kupima anavyozungumza na mgonjwa kumebaki mikononi mwa vyuo.

Tatizo ni kwamba vyuo havina kipimo kimoja. Kimoja hutoa daraja la juu kwa wachache, kingine kwa wengi. Na msimamizi anaona vigumu kumharibia kijana maisha kwa sentensi moja.

Nalijua hilo. Miaka iliyopita nilijaza fomu ya mwanafunzi hodari wa vitabu. Nilikuwa nimemwona akimbonyeza tumbo mama aliyelia kwa maumivu, bila hata kumsalimu. Nikaandika: "Mwanafunzi mzuri, ana nidhamu." Nilimnyima nafasi ya kujirekebisha, na wagonjwa waliomfuata hawakuwa na wa kuwasemea.

Hapa Tanzania, daktari humaliza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na anayetaka ubingwa huomba chuoni. Mfumo ni tofauti, ila fomu za wasimamizi tunazo, na huruma ya kuandika "mzuri" kwa kila mtu tunayo pia.

Mzazi, mtoto wako akirudi likizo kutoka chuo cha udaktari, usimuulize matokeo peke yake. Muulize pia habari za wagonjwa wake, na usikilize anavyowazungumzia.

Nawe mgonjwa, muulize mwanafunzi jina lake na msimamizi wake. Una haki ya kukataa asikupime. Akikutendea vyema au vibaya, mwambie msimamizi au muuguzi wa zamu, au andika kwenye sanduku la maoni. Sisi tunaojaza fomu hatupo kitandani kwako saa zote.