Mgonjwa Mmoja, Maradhi Matatu



Wamo miongoni mwetu wanawake ambao mwaka huu huambiwa wana baridi yabisi, mwaka wa pili lupasi, na wa tatu maradhi ya ukavu wa macho na kinywa. Nyumbani husemwa: "Kila siku ugonjwa mpya! Huyu ama mvivu, ama amerogwa." Maneno hayo ni dhulma.

Matabibu hueleza kuwa maradhi haya ni ya ukoo mmoja. Kinga ya mwili, iliyoumbwa kupambana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe. Katika baridi yabisi huvimbisha viungo, vikaamka vimekakamaa. Katika lupasi yaweza kushika ngozi, viungo na hata figo. Kwengine hukausha mate na machozi. Kwa kuwa asili yao yakaribiana, mtu mmoja aweza kuwa nayo mawili au matatu. Katika lupasi, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Pengine uso wake waonekana mzima, na mkono hauwezi kuinua sufuria.

Sheria imempa nafasi pana. Akishindwa kusimama, ataswali ameketi. Akishindwa kuketi, ataswali kwa ubavu. Baadhi yao vidole hugeuka vyeupe kwa baridi: basi na apashiwe maji ya udhu, na maji yenyewe yakimdhuru, atatayamamu. Kuhusu saumu, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, zamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine. Asiyetarajiwa kupona, katika madhehebu yetu ya Shafi, hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Lakini wako waachao dawa Ramadhani ikiingia. Aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu, akiikata ghafla, huitia nafsi yake hatarini. Amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, naye achukue dawa zake zote, hata za mitishamba, kwani mwenye maradhi mengi huandikiwa na wengi.

Kisomo na dua havipingani na dawa. Nawe mume, umwinuliapo mkeo ndoo hujishushi hadhi: Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake.

Allah awape wagonjwa wetu shifaa, na atupe sisi huruma juu yao. Amin.